Borrow na lend: jinsi ya kuzitofautisha wakati sisi "azima" yetu ni moja tu

Miaka ile nafanya risepsheni kwenye lodge moja pale Arusha, masika yamepamba moto, mvua haikatiki, akashuka mama mmoja mgeni anataka kutoka kwa miguu aende mjini. Nikamuwahi mlangoni na mwavuli nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Madam, I can borrow you an umbrella." Akatabasamu, akaupokea, akaenda zake. Mwenzangu wa zamu akaninong'oneza, we umechapia hapo, ni lend. Haya. Jioni mama karudi, kalowa miguu tu, ananikabidhi mwavuli, na mimi nikaona ndo nafasi ya kujisafisha, nikamwambia, "Thank you for lending our umbrella." Mwavuli mmoja, siku moja, nimechapia mara mbili.

Baadaye nikaja kufundisha tuisheni ya Kiingereza za jioni na nikakuta kila darasa lina ndugu zangu. "Teacher, borrow me your pen." "I lended him my charger." "He borrowed me ten thousand and up to now he is silent." Hii ya mwisho naipenda sana maana mpaka leo sijajua nani anamdai nani.

Kwa hiyo hapa nakupa njia ninayowapa wanafunzi wangu. Haina kukariri grama, inatumia Kiswahili chako mwenyewe ulichonacho kichwani, ila kwanza lazima uelewe tunapojikwaa ni wapi.

Kiswahili kina "azima", na azima ni neno la pande mbili. Mwenye kitu anaazima na asiye na kitu naye anaazima. "Niazime kalamu", hapo namwambia mwenye kalamu anipe. "Nimeazima kalamu kwa Neema", hapo mimi ndo niliyepewa. Kitenzi kilekile na hakuna anayechanganyikiwa. Waingereza wao wamegawa kazi: borrow ni ya yule anayechukua, lend ni ya yule anayetoa, na pande zote mbili tunategemea kitu kirudi. Rahisi sana ukikaa chini ukaisoma, lakini mtu akiwa anaongea haraka kichwa kinakuwa kishasema "azima" na mdomo unatafuta neno moja tu la Kiingereza la kuliweka hapo, unadaka la kwanza linalopita, na mara nyingi linalopita ni borrow kwa sababu ndo tulilolizoea.

Na usijione mshamba. Wajerumani wana "leihen" na wana "borgen" na zote mbili zinaenda kotekote kama azima yetu. Kule Marekani, majimbo ya juu katikati kama Minnesota na Wisconsin ambako Wajerumani na watu wa Skandinavia walihamia kwa wingi, utakuta mtu kazaliwa na Kiingereza chake na bado anasema "Can you borrow me a pencil?" na mwalimu wake anamsahihisha kama sisi tulivyosahihishwa. Uingereza yenyewe, mitaani huko kaskazini, wapo wanaosema "Can I lend your pen?" Yaani kosa lako lina ukoo mkubwa. Ila kwenye intavyuu au kwenye barua ya kazi huo ukoo hautakuja kukutetea, kwa hiyo tujifunze.

Angalia kama kuna mtu tumboni mwa kitenzi

Hii ndo njia yenyewe. Kabla hujafungua mdomo, sema sentensi yako kwa Kiswahili halafu kiangalie kile kitenzi cha azima katikati pale kabla ya mzizi. Kama kuna mtu amekaa humo ndani, yaani kuna ni, ku, m, tu au wa ya yule anayepewa, basi Kiingereza chake ni lend. Kama hakuna mtu, ni borrow. Kwisha.

"Niazime mwavuli." Kuna ni, mimi niko tumboni, kwa hiyo "Lend me an umbrella." "Nimemwazima Juma chaja." Kuna m, Juma yuko tumboni, "I lent Juma my charger." "Nitakuazima kesho", kuna ku, "I'll lend it to you tomorrow." "Tuazimeni viti vya msiba", tu hiyo hapo, "Please lend us some chairs for the funeral." Sasa geuza. "Naomba kuazima mwavuli", tafuta mtu humo, hayupo, "Can I borrow an umbrella?" "Baba kaenda kuazima ngazi", hayupo, "Dad has gone to borrow a ladder." "Ngazi tumeiazima kwa jirani", hapa watu wanashtuka kidogo maana kuna kitu tumboni, lakini hiyo i ni ya ngazi, sio mtu, kwa hiyo bado ni borrow: "We borrowed the ladder from a neighbour." Ile tu ya mwanzo kwenye tumeiazima ndo sisi tuliofanya, usiihesabu, angalia kilichokaa karibu na mzizi.

Inafanya kazi kwa sababu uelekeo wa kitu kwenye Kiswahili umebebwa na hicho kiambishi kidogo, ndo maana azima moja inatutosha. Waingereza hawana pa kukiweka hicho kiambishi ndani ya kitenzi, ikabidi wabadilishe neno zima.

Tahadhari moja kubwa, usiipeleke njia hii kwenye "kopa". Itakupoteza. "Amenikopa elfu hamsini", mtu yumo tumboni, ni mimi, lakini aliyechukua hela ni yeye na mimi ndo ninayelia: "He borrowed fifty thousand from me." Kwenye kopa angalia mkia. Kopa kavu ni borrow, ikiota mkia ikawa kopesha ni lend. "Amenikopesha elfu hamsini" ni "He lent me fifty thousand", na hapo mwenye kulia kabadilika.

Nani akae wapi kwenye sentensi

Lend inapenda watu. Unaweza kumweka mtu karibu nayo kabisa, "lend me your pen", au ukamsogeza mwisho na to, "lend your pen to me". Zote sawa. Borrow haimtaki mtu karibu, inataka kitu kwanza, halafu mtu aje nyuma na from: "borrow a pen from Neema". Mitaani Uingereza wanasema pia "borrow a pen off her", kuongea sawa, kwenye barua ya ofisi iache. Kwa hiyo ukisikia kichwani mwako inaanza kutoka "borrow me" au "borrow him", funga breki hapohapo.

Isipokuwa siku bosi atakapopita mezani kwako akasema "Can I borrow you for a minute?" Hiyo ni Kiingereza safi kabisa. Anaomba dakika zako, anataka ukamsaidie kitu halafu atakurudisha kwenye kazi yako. Hapo wewe ndo mwavuli.

Ombi moja una njia mbili za kulisema na zote zina adabu sawa: "Could I borrow your charger?" na "Could you lend me your charger?" Angalia anayetangulia. I anakwenda na borrow kwa sababu mimi nachukua, you anakwenda na lend kwa sababu wewe unatoa. Ukichanganya ukasema "Could I lend your charger?" umemwomba ruhusa umgawie mtu mwingine chaja yake, na mimi ningekuwa mwenye chaja ningekataa.

Yametoka wapi haya maneno

Hapa mimi ndo huwa nanogewa, na wanafunzi wakishasikia hadithi yake hawasahau tena ipi ni ipi.

Borrow kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "borgian", imetoka kwenye "borg", na borg maana yake ni dhamana. Yaani asili yake haikuwa hela wala kalamu, ilikuwa kile unachokiweka au mtu unayemsimamisha ili uaminiwe. Waholanzi mpaka leo ukipanga nyumba kwao, ile hela unayotanguliza kwa mwenye nyumba ili ukivunja dirisha ajilipe, wanaiita "borg". Wajerumani mdhamini wanamuita "Bürge". Na Waingereza wa zamani walikuwa na utaratibu wa kuwaweka wanaume kwenye vikundi vya watu kumi kumi, kila mmoja anamdhamini mwenzake, mmoja akifanya kosa akakimbia basi tisa waliobaki wamlete au walipe wao, na mkuu wa kikundi aliitwa "headborough", ile borough ya nyuma ni borg hiyohiyo. Ukiwa umewahi kuingia kikundi cha VICOBA, mmoja asipoleta rejesho na nyie wengine mnatolewa macho, basi we unaijua borg kwa maumivu kuliko mtaalam yeyote wa lugha. Kwa hiyo anayefanya borrow ni yule aliyejifunga, aliyeacha dhamana, mwenye deni. Tena wataalam wanasema mzizi wake wa mbali kabisa una maana ya kulinda na kuficha, na umezaa pia "bury", kuzika, na "harbour", bandari, mahali pa kujisitiri.

Lend ni ukoo mwingine kabisa. Kiingereza cha kale ilikuwa "lænan", haina d hata moja. Wakati uliopita wake ndo ulikuwa na d, ikawa kama "lende", sasa watu wa karne za kati wakasikia inafanana na send na bend, ile d ikang'ang'ania mpaka ikaingia kwenye wakati uliopo, na wakati uliopita ukahamia kwenye t, lent. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anayeandika "lended" anaweka wakati uliopita juu ya wakati uliopita wa zamani, sakafu ya pili ya nyumba. Ni lend, lent, lent, kama send, sent, na spend, spent. Borrow haina maringo, borrowed tu. Na Lent yenye herufi kubwa ni Kwaresma, haihusiani na mikopo, hiyo imetoka kwenye neno la kale la majira ya kuchipua, siku zinaporefuka.

Mzizi wa lend ukiurudisha nyuma sana maana yake ni kuacha, kubakiza. Ni mzizi huohuo ulioko kwenye "eleven" na "twelve": eleven ni moja iliyobaki ukishatoa kumi, twelve ni mbili zilizobaki. Sasa mtaani kwetu mtu akiwa hana kitu anamwambia rafiki yake "niachie hata buku basi". Niachie! Mzizi wa lend huo hapo, kwenye kijiwe cha bodaboda. Nikishawaambia hivyo darasani inakaa: lend ni kuachia, borrow ni kujiweka dhamana. Anayeachia na anayejifunga hawawezi kuwa mtu mmoja.

Ukitaka kumwona anayeachia, anayepokea na anayejifunga kwenye hadithi moja, chukua tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi ya 1969. Bassanio anahitaji dukati 3,000 akachumbie na hana. Shylock anazo. Antonio, rafiki wa Bassanio, hana fedha taslimu mkononi lakini ana jina, anasaini mkataba wa miezi mitatu, na akishindwa kulipa akatwe ratili ya nyama mwilini. Shylock ndo anayefanya lend. Hela zinakwenda kwa Bassanio lakini aliyejifunga ni Antonio, ye ndo borg yenyewe, kwa hiyo kwa maana ile ya zamani kabisa aliyefanya borrow ni Antonio na nusura kimtokee puani.

Vipi kuhusu loan

Loan Waingereza walipewa na Waviking waliovamia na baadaye kuhamia kwao, imetoka kwenye "lán" ya lugha yao. Kama nomino haina utata, ni mkopo, "a student loan", "a bank loan", unaichukua bodi ya mikopo miaka ya chuo na unakuja kuilaani ukishaajiriwa. Utata uko kwenye kuifanya kitenzi. Mmarekani atasema "He loaned me his car" bila wasiwasi, Mwingereza wa shule ya zamani atakunja sura akwambie sema "lent". Kichekesho ni kwamba loan kama kitenzi ni ya zamani, walowezi wa Kiingereza ndo waliokwenda nayo Marekani, halafu waliobaki nyumbani wakaiacha, na sasa wanaiona kama uchafu wa Wamarekani. Ushauri wangu: kwenye mtihani andika lent, kwenye maongezi tumia yoyote. Sehemu ambayo hata Waingereza hawana shida nayo ni mpira, mchezaji anakwenda "on loan" au klabu "loaned him out", sawasawa na watangazaji wetu wanavyosema amekwenda kwa mkopo.

Ila loan inafaa kwa vitu na hela tu. Ukitoka kwenye vitu ukaingia kwenye maneno ya picha, inabaki lend peke yake. "Lend a hand" ni kumpiga mtu tafu, kumsaidia kazi, "Can you lend me a hand with this sofa?" Hakuna anayesema loan me a hand. "Lend an ear" ni kumtegea mtu sikio. "Lend weight to" ni kulipa jambo nguvu, kama vile picha za kamera zinapolipa nguvu dai la mtu polisi. Na kuna "lend itself to", hii inawapiga chenga wengi kwenye ripoti, maana yake kitu kinafaa au kinakubali kutumika hivyo: "This soil lends itself to rice", udongo huu unakubali mpunga. Upande wa borrow kuna "living on borrowed time", mtu anaishi muda ambao ilibidi uwe umeshaisha, utaisikia kwa mgonjwa aliyewashangaza madaktari au kwa kocha aliyefungwa mechi tano mfululizo.

Sukari ya dukani sio borrow

Hapa ndo Kiswahili chetu kinatuingiza chaka kabisa. Ukienda kwa Mangi ukamwambia niandikie kilo ya sukari nitalipa mwisho wa mwezi, sisi tunasema nimekopa sukari. Mtu anaitafsiri anasema "I borrowed sugar from the shop." Mzungu anakuelewa kwamba utairudisha sukari. Ulichofanya ni kununua, ila hela ndo haijaja, na Kiingereza chake ni "I bought sugar on credit", au Uingereza kimtaani "on tick". Mangi ha-lend sukari, anauza kwa daftari. Mikopo ya kwenye simu ni tofauti, kule Kenya ukifuliza au huku ukichukua Songesha umechukua hela kweli na utarudisha hela kweli na makato juu, hiyo ni borrow halali.

Kwa jirani sasa. "Can I borrow a cup of sugar?" ni Kiingereza sahihi, tena ndo mfano wao maarufu wa ujirani, kwa sababu wanachukulia kwamba siku moja utarudisha sukari nyingine. Wakati mwingine wanaitumia kama heshima tu, mtu anasema "Can I borrow a tissue?" na akishapenga kamasi ole wako uidai.

Kuna mabishano ya kweli ya wanasiasa juu ya jambo hili. Desemba 1940, Uingereza inapigwa na Wajerumani na hela za kununua silaha zinawaishia, Rais Roosevelt wa Marekani akawaita waandishi wa habari akawapa mfano: nyumba ya jirani inaungua, mimi nina mpira wa kumwagilia bustani, siwezi kumwambia jirani nimeununua dola 15 kwa hiyo nilipe kwanza, ninachotaka ni moto uzimike halafu anirudishie mpira wangu. Machi 1941 sheria ikapita ikaitwa Lend-Lease. Seneta Robert Taft, ambaye hakuitaka, akajibu kwamba kumwazima mtu silaha za vita ni kama kumwazima bazoka, ile chingamu ya kutafuna, ikishatafunwa nani anaitaka tena? Sasa Roosevelt alikuwa anaifahamu lend na Taft alikuwa anaifahamu lend, wamegombana kwenye lile sharti moja tu la kitu kurudi, na ukiwafikiria hao wawili kila unapotaka kutumia neno hili hutakosea kwenye sukari ya Mangi.

Na kitu kisichobebeka pia usikifanyie borrow. Choo cha mtu unakiomba kwa use, "Can I use your toilet?", ukisema borrow wataangalia kama una lori nje. Simu inategemea, ukipigia hapohapo mbele yake use inatosha, ukiondoka nayo ndo borrow.

Lugha zenyewe nazo zina-borrow, na huko ndo kuna wizi mtupu maana harudishi mtu. Kiingereza kimechukua "safari" kwetu mpaka leo kimya. Sisi nasi tumechukua "shule" kwa Wajerumani, na hata hili neno hela tunalokopeshana nalo tulilitoa kwenye "Heller", sarafu yao ya wakati wa ukoloni. Kwa hiyo tumeazima hadi jina la kitu tunachokiazima.

Usiseme rent ukitaka kusema lend

Wale wenzangu ambao lugha za nyumbani zinachanganya r na l, hii ni yenu, na sicheki, nyumbani kwetu pia tuko hivyo. "Can you lend me your car?" ukiitamka na r mbele umemwambia akukodishie gari na atakutajia bei ya siku. Ukiwa na wasiwasi na ulimi wako kimbilia upande wa pili, sema "Can I borrow your car?", inaomba kitu kilekile na haina mtego huo.

Tena nikwambie kitu cha kukupa moyo. Rent yenyewe ni azima ya Waingereza. Mpangaji anasema "I rent this house", mwenye nyumba naye anaweza kusema "I rent this house to students", neno moja pande mbili, na sisi hapo tuko vizuri kuwashinda, tuna panga na pangisha, kodi na kodisha, hakuna kubahatisha. Wao ili wajinasue wanaongeza out, "I rent it out", au Mwingereza anakimbilia "let". Siku Mwingereza anayejifunza Kiswahili akikwambia "nimepanga nyumba yangu kwa wanafunzi", msahihishe taratibu, kumbuka mwavuli wangu.

Haya jaribu hizi kabla hujaondoka, usichungulie mbele. Niazime elfu tano. Dada kaazima gauni la harusi. Nimekopa unga kwa Mangi. Amenikopa laki tangu Januari. Nyumba ya chini tumepangisha.

Ya kwanza niko tumboni, "Lend me five thousand." Ya pili tumbo tupu, "My sister has borrowed a wedding dress", na kwa Waingereza hiyo ni baraka kabisa, wana mila bibi harusi avae kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima na kitu cha buluu, wakati bibi zetu wangekwambia kukopa harusi, kulipa matanga. Ya tatu ni "I got flour on credit", borrow ikae mbali. Ya nne ni "He borrowed a hundred thousand from me in January", na kama ndo hajalipa ongeza "and he still hasn't paid me back", kwa sababu Kiingereza ukiishia kwenye borrowed hakuna anayejua kwamba unalalamika. Ya tano, "We've rented out the house at the bottom."

Na yule mama wa mwavuli? Alipourudisha nilipaswa kusema "Thank you for bringing it back" na kunyamaza.